Wiki Mbili za Saveta Flocea

Mkuu wa shule ya misitu, Bi Aglaia Erhan, alifika kitaluni Jumanne ya pili ya Septemba akiwa amevaa viatu vya kisigino kirefu, na kila hatua aliyopiga kisigino kilizama kwenye udongo mweusi kikatoka kwa sauti kama ya mtu anayebusu. Saveta Flocea alikuwa amepiga magoti katikati ya matuta, anang'oa magugu. Alimwona tangu yuko getini, akamwacha aje. Alidhani amefuata maua ya kupamba jukwaa, kama ilivyo kila mwaka shule zinapofunguliwa.

"Saveta, dada yangu, niokoe," alisema Bi Aglaia huku akihema. "Injinia Lehaci kaanguka."

"Kaanguka wapi?"

"Juu ya mti wa jozi. Alipanda kumchumia mkwewe kokwa zake. Nyonga imevunjika. Wameshampasua, yu hai, anatukana manesi. Lakini nina watoto ishirini na mmoja wa darasa la kumi wanaotakiwa kufanya vitendo, na sina mtu."

"Pole yake. Na mimi nifanyeje?"

"Uwachukue wewe. Jumanne na Alhamisi. Wiki mbili tu, mpaka nipate mwingine."

Saveta alicheka mpaka ikabidi ajishike kiuno. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitano, alipomaliza darasa la nane, mwaka ambao mama yake alilazwa kitandani kwa ugonjwa wa mapafu na nyumba ikahitaji mtu wa kuleta mkate. Siku mbili baada ya kurudisha vitabu vya shule alikuwa tayari yuko hapa, kwenye kitalu cha idara ya misitu, anabeba maji. Tangu hapo hakutoka. Misonobari iliyokuwa imesimama kwenye nusu ya milima ya bonde lile ilikuwa imepita mikononi mwake ikiwa midogo kama nywele za mtoto mchanga. Ila kusimama mbele ya watu na kusema, hilo hakuwahi kulijua. Hata kanisani, mama mchungaji alipomwomba asome majina ya marehemu, alimsukumia mumewe Gavril karatasi.

"Mimi sijui kufundisha," alisema.

"Usifundishe. Wape kazi tu, wasipigane."

Basi ndivyo ilivyoanza.

Alhamisi walifika, ishirini na mmoja, wamevaa raba nyeupe na visikizio masikioni. Wengi wao hawakuichagua shule ya misitu. Alama zao ziliwaleta hapo, maana shule nyingine za mjini zilikuwa zimejaa. Walijipanga kando ya banda kama watu wanaosubiri basi lililochelewa. Mbele kabisa alisimama kijana mmoja mwenye mabega mapana, Casian Moroşan, mtoto wa dereva wa lori la magogo. Nyuma yake msichana mwembamba aliyepaka kucha rangi ya kijani, Ozana Bodnariuc, alikuwa anatafuna bigijii na kumtazama Saveta toka miguuni mpaka kwenye kitambaa cha kichwa.

"Shangazi," Casian alianza, "sisi tumekuja kusomea misitu. Siyo kupalilia."

"Sawa," Saveta alisema. Hakuwa na hotuba. Alitazama huku na huko, akaona nyuma ya banda kreti la miche ambalo mfanyakazi mmoja alilisahau juani siku mbili, mizizi wazi. Akachukua na kreti jingine, la miche iliyong'olewa asubuhi ile. Akaimwaga yote pamoja juu ya turubai, akaichanganya kwa mikono kama mtu anayechanganya kabichi na chumvi.

"Nusu ya hii imekufa," alisema. "Kila mtu achague kumi iliyo hai, aipande kwenye tuta lile, aweke kibao chenye jina lake. Mwezi wa nne tutaona."

Walitazama. Yote ilikuwa ya kijani. Yote ilikuwa na majani yake yaliyochongoka, imesimama vizuri kabisa.

"Hii yote ni mizima!" Casian alisema. "Shangazi unatuchezea. Baba yangu anabeba magogo mwaka wa kumi na tano huu. Mimi nimezaliwa juu ya mti."

"Gogo ni maiti, mwanangu," Saveta alisema. "Kumjua maiti hakukufanyi daktari."

Wenzake walipiga kelele za kumzomea, na hiyo ndiyo mara ya kwanza Saveta kusikia darasa likicheka kwa jambo alilosema yeye. Alijisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja.

Casian alichagua kumi mikubwa kuliko yote, akaipanda kwa dakika sita, akakaa juu ya ndoo. Wengine walifanya kama yeye. Ozana tu ndiye aliyebaki turubaini. Alikuwa amemwona Saveta akipitisha kidole kwenye shina, akikwangua gome kwa ukucha, halafu akiinua mzizi puani. Naye akaanza kukwangua. Rangi ya kijani ya kucha zake ilibanduka. Akanusa mmoja, akanusa wa pili, akakunja uso.

"Huu unanuka kama vumbi la kabati," alisema.

"Na huu?"

"Huu... kama mvua."

"Haya. Hukunihitaji mimi."

Injinia hakurudi baada ya wiki mbili. Nyonga ilikataa kuunga, ikabidi wampasue tena. Bi Aglaia aliacha hata kuuliza. Jumanne na Alhamisi Saveta aliamka mapema kuliko kawaida, akapika ugali mgumu, akaukata vipande kwa uzi, akaufunga kwenye kitambaa pamoja na jibini ya kondoo, maana aliona wale watoto wanakuja na pakiti za krispu na kufikia saa sita wamelegea.

"Unalisha jeshi la nani?" Gavril aliuliza. Gavril alikuwa amestaafu kiwanda cha mbao akiwa na vidole vinane.

"Wana njaa."

"Wana mama zao."

"Nusu ya mama zao wako Italia wanaosha wazee. Sogea, unanizibia jiko."

Majira ya baridi walikwenda kukusanya koni, yale matunda makavu ya msonobari yanayobeba mbegu. Hapo ndipo Saveta alipogundua jambo lililomfurahisha kuliko yote: kila mtoto alikuwa na mahali pake, ila hakuna aliyemwonyesha. Visarion, ambaye walimu wote walimlalamikia kwamba hawezi kukaa kitini dakika tano, alipofungwa kamba alipanda mita thelathini akatulia kileleni kama aliyefika nyumbani, akajaza magunia matatu bila kusema neno. Wasichana wawili mapacha waligeuka kuwa wepesi wa kuhesabu mbegu kwa kibano, na wakaanza kuwasuta waliopoteza hata moja. Casian mwenyewe, baada ya kudharau kila kitu, alikaa chini siku moja akanoa minyororo ya misumeno ya mashine yote saba ya idara. Meno yalitoka yanang'aa. Alikuwa na subira ya ajabu kwa chuma, subira ambayo kwa watu hakuwa nayo hata chembe.

"Nani alikufundisha?" Saveta alimuuliza.

"Babu." Akainamisha kichwa. "Baba anasema ni kazi ya wazee."

"Muulize baba yako, msumeno butu umeshaua wangapi kwenye bonde hili. Halafu uje uniambie ni kazi ya nani."

Alikuwa anawaita kwa namna yake: huyu mwanangu, yule mwizi wa jibini, yule mwingine mheshimiwa. Wao walimwita Shangazi. Walipokutana naye sokoni siku za Jumamosi walimbebea mikoba, na Gavril alitembea nyuma mikono mitupu, ananung'unika kwamba sasa hana hata cha kubeba.

Mwezi wa nne, theluji ilipoyeyuka, walikwenda kutazama lile tuta la vibao. Kwa mbali tu ilionekana. Miche mingi ilikuwa imegeuka rangi ya kutu. Ya Casian, minane kati ya kumi ilikuwa imekauka. Ya Ozana, tisa ilikuwa imetoa machipukizi laini, mepesi kama manyoya ya kifaranga.

Casian aliitazama ya kwake muda mrefu. "Lakini ilikuwa ya kijani," alisema.

"Msonobari hauna haraka ya kukuambia kwamba umekufa," Saveta alijibu, akampa mingine kumi. Safari hii aliinusa mmoja mmoja, na hakuna aliyemcheka.

Wiki hiyohiyo walianza kupanda miche kwenye mteremko wa Runc, ambako upepo ulikuwa umeilaza miti yote miaka miwili nyuma. Kazi ilikuwa ngumu, mlima umesimama wima, visiki kila mahali. Siku ya tatu alikuja mkaguzi kutoka mkoani, mtu mpole mwenye miwani, akapanda mpaka juu kwa miguu yake. Alikaa nao kwa muda wa saa nne. Alimwona Ozana akimwonyesha mwenzake jinsi ya kuunyoosha mzizi ndani ya shimo usijikunje, akamsikia Visarion akieleza kwa nini mche hupandwa upande wa juu wa kisiki na siyo wa chini. Aliandika sana kwenye daftari lake.

"Bibi mwalimu," alimwambia Saveta wakati wa chakula, akiwa na kipande cha ugali mkononi, "nimezunguka shule kumi na nne mwaka huu. Sijaona darasa kama hili. Ulisomea wapi?"

"Hapa."

"Hapa shuleni?"

"Hapa," Saveta alisema, akaonyesha bonde kwa kidevu. "Kitaluni. Shule niliacha la nane."

Mkaguzi alicheka kidogo, kisha akaona hajafanyiwa mzaha. Akauweka ule ugali chini taratibu. Hakuwa mtu mbaya. Lakini sheria ilikuwa sheria: mtu asiye na cheti cha sekondari haruhusiwi kusimamia darasa la sekondari, na kama mtoto mmoja angeangukiwa na jiwe siku ile, mkuu wa shule ndiye angefikishwa mahakamani. Barua ilikuja baada ya siku nane. Ilimsifu Saveta kwa mistari sita na kumwondoa kwa mstari mmoja.

Bi Aglaia alimsomea akilia. Saveta hakulia. Alivua aproni, akaikunja, akaenda nyumbani saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka karibu arobaini. Kilichomchoma siyo kuondolewa. Alikuwa ameona nyuso za wale watoto aliposema "la nane". Aliona Casian akigeuka kutazama pembeni. Aliamini wamemwonea aibu.

Siku mbili alikaa ndani. Aliosha mapazia, akaosha dirisha la jikoni, akaliosha tena. Siku ya tatu asubuhi Gavril alimkuta amepanda juu ya kiti, kitambaa mkononi.

"Mwanamke, hicho kioo kitaisha."

"Niache."

"Nimekuacha siku mbili. Kuna mtu mlangoni."

Alikuwa Injinia Eusebiu Lehaci, mwenye magongo mawili, amekonda, suti imemning'inia. Nyuma yake, njiani, lilikuwa limesimama darasa zima, na Casian ndiye aliyekuwa amemshika injinia kiwiko ili asiteleze.

Injinia alikaa, akakubali kikombe kidogo cha pombe kali ya plamu, akakohoa.

"Saveta, mimi nimefundisha somo hili miaka ishirini na miwili," alisema. "Kwa chaki. Nachora mzizi ubaoni, wananakili. Jana huyu," akamwonyesha Casian dirishani kwa mkongojo, "amekuja nyumbani kwangu kuniuliza kama anaweza kupewa jembe Jumamosi. Jumamosi! Nilidhani mke wangu ameweka kitu kwenye chai yangu."

"Nimewaaibisha, bwana injinia."

"Nani kasema?"

"Niliwaona."

Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka njiani Ozana alipaza sauti: "Shangazi, tunasikia! Casian aligeuka kwa sababu alikuwa analia! Hataki nikuambie!"

"Mwongo wewe!" Casian alifoka, na masikio yake yakawa mekundu kama nyanya.

Injinia alikuwa na mpango. Yeye angerudi kazini na magongo yake, angetia sahihi kwenye daftari la darasa na kukaa juu ya kigoda, na Saveta angekuwa "msaidizi wa kitalu", jambo ambalo hakuna barua iliyolikataza. Wakati huohuo Saveta angejiandikisha masomo ya jioni, shule ileile, saa kumi mpaka saa moja, miaka minne, mpaka apate cheti.

"Miaka minne!" Saveta alisema. "Na umri huu? Nikae kwenye dawati?"

"Nenda," Gavril alisema kutoka jikoni. "Mimi sina madirisha zaidi."

Septemba iliyofuata aliingia darasani akiwa amevaa koti lake la kanisani. Wenzake walikuwa dereva wa taksi, wauza duka watatu, fundi bomba na mama mmoja mjamzito aliyelala kila somo la historia. Mtihani wa kwanza wa hisabati alipata tatu kati ya kumi. Katika lugha walipewa shairi linalozungumzia majani ya msonobari yanayopukutika wakati wa vuli, wakaulizwa mshairi alikuwa na hisia gani. Saveta aliandika kwamba msonobari haupukutishi majani wakati wa vuli, hivyo mti ule lazima ulikuwa umeshambuliwa na mbawakawa wa magome, na mshairi alipaswa kumwita bwana misitu. Mwalimu alimpa nne, akaenda kumsomea mumewe jibu hilo kwa simu.

Hisabati ndiyo iliyomtesa. Alikuwa anakuja kitaluni na daftari ndani ya ndoo, analitoa wakati wa chakula, analikodolea macho kama mtu anayemtazama nyoka. Ozana, ambaye sasa alikuwa darasa la kumi na moja, aliliona.

"Lete nione. Aa, tanjenti. Hii rahisi, Shangazi."

"Kwako."

"Kwani wewe urefu wa mti unaupimaje?"

Saveta alimshangaa. Hilo alilifanya kila wiki. Aliokota fimbo iliyolingana na urefu wa mkono wake, akanyoosha mkono nayo mbele ya jicho, imesimama wima, akarudi nyuma, akarudi, mpaka fimbo ikaufunika mti wote toka shinani hadi kileleni. Akapiga kisigino chini. "Toka hapa mpaka mtini, ndio urefu wake. Baba yangu alinionyesha."

"Na kwa nini inakuwa hivyo?"

"Kwa nini? Inakuwa hivyo tu."

Ozana alichukua kijiti, akachora kwenye udongo: jicho, mkono, fimbo, halafu pembetatu kubwa iliyoimeza ile ndogo. "Mkono wako na fimbo ni sawa. Kwa hiyo umbali na mti nao ni sawa. Pembe ni arobaini na tano. Tanjenti yake ni moja. Umeona? Umekuwa ukifanya tanjenti toka hujaolewa."

Saveta aliitazama ile michoro. Alisogea, akaizunguka, akaitazama kwa upande mwingine. Kisha akakaa chini kwenye tuta, juu ya miche, jambo ambalo angemfukuza mtu mwingine yeyote kwa kulifanya.

"Kwa hiyo tanjenti ni fimbo yangu," alisema.

"Ni fimbo yako, Shangazi. Ila imekwenda shule."

Alicheka, akafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye tope, akajipaka tope usoni. Siku ile jioni alipima mnara wa kanisa, nguzo ya umeme na Gavril. Gavril alitoka mfupi kuliko alivyodai maisha yake yote.

Miaka miwili ikapita hivyo. Ozana alimaliza shule akiwa wa tatu. Saveta alikuwa ameshazungumza na idara: palikuwa na nafasi kitaluni, na baadaye chuo kikuu cha misitu, na akilini mwake alikuwa ameshamvika yule binti kofia ya kijani ya bwana misitu. Juni, Ozana alikuja asubuhi bila nguo za kazi. Alisimama pembeni mwa tuta akiwa ameshika mikono nyuma.

"Shangazi, nakwenda Italia. Kwa mama."

Saveta aliendelea kupalilia. "Kufanya nini?"

"Kuna bibi anahitaji mtu. Mama amechoka, mgongo umekwisha. Ana miaka tisa peke yake kule. Usinikasirikie."

"Sijakasirika."

"Umeng'oa mche mzima, Shangazi."

Saveta alitazama mkononi. Kweli. Akaurudisha ardhini, akaukandamiza kwa vidole viwili, muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Kisha akainuka, akamkumbatia kwa nguvu, akamwambia mama ni mama, aende, na ale vizuri, na asisahau kuvaa soksi, kana kwamba Italia ni mlima. Ozana alipoondoka, Saveta alimgombeza kila mtu siku nzima, akamgombeza hata injinia kwenye kigoda chake.

Lakini masomo hayakukatika. Jumapili mchana, yule bibi wa Italia alipolala baada ya chakula, simu ya Saveta iliita, na uso wa Ozana ukatokea juu ya meza kati ya chupa ya siki na sahani za supu. "Haya, fungua ukurasa wa sitini na mbili. Usinidanganye kwamba umeufanya." Gavril naye alisogeza kiti, akasikiliza, na kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuieleza akawa anajua logarithimu kuliko mkewe, akawa anajibu kabla hajaulizwa, mpaka akafukuzwa nje pamoja na mbwa.

Mtihani wa mwisho, Julai ya mwaka wa nne, Saveta alifaulu lugha. Masomo ya misitu alipata kumi, na mtahini kijana kutoka mji mwingine alimwomba namba ya simu kwa sababu miche ya mama yake nyumbani ilikuwa inakauka. Hisabati alipata nne na nusu. Kufaulu ni tano.

Alirudi nyumbani, akalala na nguo zake. Kesho yake aliamka, akaenda kitaluni kama kawaida, na hakutaka mtu amzungumzishe. Casian, ambaye sasa alikuwa ameajiriwa na idara kwenye kikosi cha kukata miti, alikuja wakati wa chakula na kofia ngumu kichwani, akaketi karibu naye, akatoa kwenye mfuko wa koti karatasi za mitihani ya miaka kumi iliyopita, zimekunjwa na zina madoa ya mafuta ya mashine.

"Marudio ni Agosti," alisema. "Ozana kanitumia. Kasema nikusimamie. Kasema ukikataa nikufiche majembe."

"Wewe hisabati ulipata ngapi?"

"Tano na robo."

"Basi nimekwisha," Saveta alisema, lakini alizichukua.

Agosti alipata sita kamili. Alilisoma tangazo ukutani mara tatu, na mara ya tatu alimshika mtu asiyemjua, kijana aliyekuwa anatafuta jina lake, akamwambia amsomee kwa sauti.

Sherehe ya kutoa vyeti ilipangwa Ijumaa moja mwanzoni mwa Oktoba, saa nne. Saveta hakwenda. Ijumaa hiyo lori la idara lilikuwa limekuja kuchukua miche elfu nane ya kupeleka upande wa pili wa mlima, redio ilikuwa imetangaza baridi kali kwa Jumamosi, na mizizi ilikuwa nje. Bi Aglaia alisoma jina lake mara mbili mbele ya ukumbi, kisha akachukua cheti, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akashuka nacho barabarani mpaka kitaluni. Saveta alikuwa juu ya lori, anapokea makreti.

"Saveta! Shuka upokee!"

"Mikono michafu, Bi Aglaia. Kiweke hapo bandani, juu ya rafu, siyo karibu na mbolea."

"Nimeandaa hotuba!"

"Basi tuhutubie huku unatupitishia makreti."

Na Bi Aglaia, mkuu wa shule, alikunja mikono ya blauzi yake ya hariri, akahutubia, akapitisha makreti, na hotuba ilikatika kila alipoishiwa pumzi. Watoto wa darasa jipya walipiga makofi mahali ambapo hapakustahili.

Sasa Saveta ana miaka sitini na mitatu. Jina lake limeandikwa kwenye daftari la darasa, mwalimu wa vitendo, na sahihi ni yake. Injinia Lehaci amestaafu, lakini siku za jua huja na mkongojo mmoja, hukaa, na kuwaeleza watoto Kilatini cha majina ya miti, ambacho Saveta hujifanya hakisikii na nyumbani hukikariri. Katika wale ishirini na mmoja wa kwanza, sita wako msituni, wawili kwenye mabwawa ya samaki, Visarion anakwea miti ya mjini Suceava na kuikata matawi juu ya nyaya za umeme. Ozana hakurudi. Yule bibi alipofariki, alitafuta kazi kwenye kitalu cha miti ya mapambo, na hutuma picha za miti iliyokatwa ikawa mviringo kama mipira. Saveta huwaonyesha watoto na kusema, "Tazameni wanavyoitesa," kisha huiangalia picha tena, akiikuza kwa vidole viwili, hasa mahali inapoonekana mikono ya aliyeushika mti.

Casian ndiye anayefundisha misumeno, Alhamisi, chini ya banda jipya. Hugombana na Saveta kila wiki bila kukosa, kwa sababu lori lake huliegesha juu ya lundo la mboji. Wiki iliyopita aliliegesha tena. Saveta alitoka na chepe, akasimama mbele ya taa za lori, na watoto wote wakaacha kazi waje kusikiliza.

"Toa gari lako kwenye mboji yangu, mheshimiwa."

"Dakika tano tu, Shangazi."

"Dakika tano zako nazijua. Shuka."

Akashuka.